Mti wa Kuhesabiwa

Wahenga walisema: mpanda ovyo hula ovyo. Methali hiyo nimeifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeiandika ubaoni, nimeitungia maswali ya mtihani, na nimewakemea watoto kwa kushindwa kuieleza. Lakini, ndugu msomaji, nakiri kwamba mimi mwenyewe niliielewa sawasawa nikiwa nimekwisha kustaafu, siku aliponijia nyumbani mtu niliyemfundisha zamani akaniuliza namna ya kupanda mti.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, siku zile za joto ambapo sisi wa Shinyanga hutazama mawingu mara nyingi kuliko tunavyotazama saa. Alikuja kwa pikipiki kutoka upande wa Geita, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mvi zimekwisha kumwingia. Aliinama akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia, "Marahaba, baba," nikamkaribisha kivulini. Nilimfundisha darasa la tano mwaka 1983, nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi katika wilaya ya Geita, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza. Geita ilifanywa mkoa unaojitegemea mwaka 2012. Tulipomaliza habari za watoto, za ng'ombe na za mvua, alisema kilichomleta. Alitaka kupanda miembe nyumbani kwake, na alikumbuka kwamba mimi ndiye niliyewafundisha kazi za bustani.

Hakuna kitu kinachompendeza mwalimu mstaafu kama kuulizwa swali. Nilianza pale pale: shimo, samadi, maji, kivuli. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Na kutoka mche hadi mche, Mwalimu? Hatua mbili zinatosha?"

Nikamwambia mwembe unataka hatua kumi.

Akatabasamu kama mtu anayemwonea mzee haya. "Mwalimu, nina miche mia tatu. Na eneo lenyewe ni robo eka."

Hapo nikaelewa. Katika ukanda wa dhahabu kuna neno ambalo lilivuma sana kutoka Nyamongo, wilaya ya Tarime, nalo ni kutegesha. Watu wakisikia kwamba eneo lao huenda likatwaliwa kwa ajili ya mgodi, wako wanaoharakisha kusimamisha vibanda na kuchomeka miche, ili wathamini watakapofika wakute vitu vingi vya kuhesabu. Sheria yetu inasema kwamba madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Taifa. Mwenye shamba halipwi dhahabu iliyo chini ya miguu yake. Hufidiwa ardhi, nyumba, mazao na miti. Basi mti unageuka kuwa mtego, na windo ni fidia.

Nilimkemea. Nilimwambia kwamba huko si kupanda, ni kudanganya kwa kutumia majani mabichi. Hakukasirika. Alikaa kimya kidogo, akageuza kikombe cha chai mkononi, halafu akasema kwa upole kabisa:

"Mwalimu, naomba unisamehe. Lakini mbona hata sisi shuleni tulikuwa tunapanda miti ya kuhesabiwa? Kila mwaka tulipanda, na mashimo yalikuwa yale yale."

Sikuwa na jibu. Alimaliza chai yake, akaaga, akaondoka. Mimi nikabaki na swali ambalo ndilo linalonifanya niandike kurasa hizi: je, mti uliopandwa ili uhesabiwe umepandwa?

Kwanza sina budi kueleza alichokuwa akikisema. Mimi ni mtoto wa siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Nilitoka Chuo cha Ualimu Butimba nikiamini kwa moyo wote kwamba jembe na kitabu ni ndugu. Shule yetu ilikuwa na shamba la pamba, bustani ya mboga, na kila mwaka ililetewa agizo la kupanda miti. Agizo lilikuwa na idadi, na fomu ya taarifa ilikuwa na safu moja iliyoandikwa "Miti iliyopandwa". Haikuwa na safu ya miti iliyo hai. Miche ilitufikia kwa kuchelewa, mvua zikiwa zinaaga. Watoto waliipanda kwa siku moja, mchana, wakiimba. Tulipofunga shule mwezi wa Juni hapakuwa na wa kumwagilia, na mbuzi wa kijiji hawajui likizo. Mwaka uliofuata tulirudi kwenye mashimo yale yale, tukayafukua, tukatia miche mipya, nami nikajaza safu ile: 500. Mwaka mwingine tena: 500. Mtu aliyesoma taarifa zangu za miaka mitano angedhani shule yetu imezama ndani ya msitu. Ukweli ni kwamba ilikuwako mijohoro saba tu, nayo ilisimama nyuma ya nyumba za walimu, mahali ambapo wake zetu walimwaga maji ya kuoshea vyombo.

Sikuandika uongo. Kila mwaka miche 500 ilipandwa kweli. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi usiku ule: kwamba mtu anaweza kuandika ukweli mtupu kwa miaka mitano na bado akawa amedanganya. Na watoto walijua. Mimi nilidhani ninawafundisha kupanda miti, kumbe niliwafundisha kwamba mti ni tarakimu. Yule bwana wa pikipiki alikuwa mwanafunzi aliyelishika somo langu vizuri kuliko wote.

Nikaanza kujiuliza kosa hili lilianzia wapi, nikaona kwamba nchi yetu hii imelirudia kwa sura mbalimbali. Babu yangu alinisimulia jinsi watu walivyoitwa waende na mashoka kufyeka mapori. Ilikuwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ya Waingereza ikipambana na mbung'o, mdudu aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Shinyanga ikawa makao makuu ya utafiti wa mbung'o. Sisemi kwamba kazi ile haikuwa na sababu. Ng'ombe walikuwa wanakufa, na ng'ombe kwa Msukuma ni benki, ni mahari na ni heshima. Lakini kazi ilipimwa kwa ukubwa wa eneo lililofyekwa, na hakuna aliyepewa jukumu la kupima kitakachobaki. Baadaye likaja shamba la pamba, likafuata jiko la mkaa, na mifugo ikaongezeka. Nilipokuwa kijana, katika sehemu nyingi za wilaya mtu aliweza kumwona mgeni wake akiwa bado yuko mbali sana, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kumficha.

Kisha ukaja mwaka 1974. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 24, mwalimu mpya, na Operesheni Vijiji ilipofika kwetu, sisi walimu tulikuwa miongoni mwa walioandika majina ya watu na kusimamia uhamaji. Niliamini jambo lile, na hata leo naamini kwamba shule, maji na zahanati vilihitaji watu wakae pamoja. Lakini kuna mama mmoja mzee ambaye sura yake haijaniondoka. Vyombo vyake vilikwisha kupakiwa kwenye lori. Yeye alisimama chini ya mwembe wake, ameweka kiganja kwenye shina, akaniuliza, "Na huyu naye mtampakia?"

Nilimjibu kama kijana mwenye orodha mkononi: "Utapanda mwingine, mayu."

Akasema, "Nitaupanda. Wa kuusubiri ni nani?"

Niliona ni maneno ya mzee anayechelewesha kazi. Leo nina miaka 75, umri ambao labda hata yeye alikuwa hajaufikia, ndipo naona kwamba alikuwa amenipa falsafa yote ya jambo hili kwa maneno machache. Mimi nilisema habari ya kupanda, yeye akasema habari ya kusubiri. Mimi nilihesabu: mti mmoja hapa, mti mmoja kule, sawasawa. Yeye alijua kwamba mwembe wa miaka thelathini na mche wa wiki mbili haviwezi kuandikwa katika safu moja.

Lakini nchi hii haikurudia makosa tu, ilijifunza pia. Wasukuma walikuwa na desturi ya zamani iitwayo ngitili. Mvua zikianza, sehemu ya malisho hufungwa, mifugo isiingie, majani yakue. Kiangazi kikikaza hufunguliwa, ng'ombe wakapata chakula. Desturi hiyo ilidhoofika sana baada ya watu kuhamishwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao sote tuliuita HASHI. Vitalu vilikuwapo na miche iligawiwa, lakini ushindi mkubwa haukutoka kwenye miche. Ulitoka kwenye kufufua ngitili, yaani kulifunga eneo na kuviachia visiki na mbegu zilizokuwa tayari ardhini vichipue vyenyewe. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600. Ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 kazi hiyo ilikuwa imepata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo. Mimi na wanafunzi wangu tulipanda kila mwaka tukabaki na miti saba. Watu waliolinda kile ambacho hawakukipanda walirudisha pori katika mkoa mzima.

Sasa nirudi kwenye swali, maana yule bwana anastahili kusikilizwa, si kulaumiwa tu. Angeweza kunijibu kwa hoja tatu, na zote zina uzito.

Hoja ya kwanza ni kwamba mti hauna masikio ya kusikia nia ya aliyeupanda. Mwembe uliopandwa kwa tamaa na mwembe uliopandwa kwa upendo hutoa kivuli kile kile. Kama ni hivyo, nia ya mpandaji ina kazi gani? Nimelitafakari hili kwa muda mrefu. Ni kweli kwamba kivuli hakimuulizi mtu kwa nini alipanda. Lakini kabla ya kivuli kuna kiangazi, na kiangazi huuliza. Huuliza mwezi wa Agosti wa mwaka wa kwanza, huuliza tena mwezi wa Septemba wa mwaka wa pili: yuko wapi mwenye mche huu? Aliyepanda ili ahesabiwe alimaliza kazi yake siku ya hesabu. Aliyepanda ili mti uishi, siku ile ndiyo kwanza alianza. Kwa hiyo nia si siri iliyofichika moyoni ambayo ni Mungu peke yake aijuaye. Nia ya mpandaji huonekana kwa macho, na inaonekana kwenye udongo: umelowa au umekauka.

Hoja ya pili ni ya haki. Mtu maskini ameambiwa ataondoka. Chini ya shamba lake kuna utajiri ambao si wake. Makaburi ya wazazi wake yako pale. Wanawe wako machimboni, kwenye maduara, wakiteremka chini ya ardhi mahali ambapo kinachozuia udongo usiwafukie ni magogo wanayoyaita matimba. Atalipwa kwa kuhesabiwa. Je, akiongeza cha kuhesabu, mwizi ni nani? Hapa sitajifanya mtakatifu. Naona kwamba uchungu wake ni wa kweli, na kwamba bei ya mti haiwezi kamwe kuwa bei ya mahali alipozaliwa mtu. Lakini namwomba afikirie jirani yake, yule mama mwenye mwembe wa kweli. Mthamini aliyedanganywa mara kumi huja kwa yule wa kumi na moja akiwa na shaka machoni, na mwembe wa miaka thelathini hutazamwa kama mche wa juzi. Anayetegesha humwibia kwanza jirani yake, kabla hajaufikia mgodi. Na humwibia mtoto wake, ambaye anatazama baba akichomeka miti asiyotaka iishi. Hata hivyo, kati yangu na yeye, mimi ndiye mwenye hatia kubwa zaidi. Yeye alisukumwa na hofu ya kupoteza kwake. Mimi nilikuwa na mshahara.

Hoja ya tatu inatuhusu sote, wazee na vijana. Kwa nini nipande mahali ambapo huenda sitakaa? Mmoja huogopa mgodi, mwingine huogopa kaburi. Zamani ningejibu kwa hotuba kuhusu vizazi vijavyo. Siku hizi najibu kwa unyenyekevu zaidi. Kivuli nilichomkaribishia mgeni wangu siku ile ni cha mkwaju ambao sikuupanda. Niliukuta nilipokinunua kiwanja hiki. Aliyeupanda, au aliyeuacha asiukate, simjui, na hakunijua. Ninakaa ndani ya deni kila siku mchana. Basi naona kwamba kupanda mti si kutoa zawadi, wala si kuweka akiba. Ni kulipa deni kwa mtu mwingine kwa sababu mwenye kudai hayupo tena. Na deni hulipwa mpaka liishe, halilipwi kwa siku moja ya kuimba nyimbo.

Ikiwa ndivyo, basi namna ya kupanda yenyewe ni somo la maadili, kwa kuwa kila hatua hufanywa kwa ajili ya siku ambayo mpandaji huenda hatakuwapo. Niieleze hapa kama nilivyotakiwa kumweleza mgeni wangu.

Anza kwa kutembea kiwanjani kabla ya kushika jembe. Utazame mti mkubwa ambao bado haupo. Mwembe utakaokua unataka kiasi cha mita 10 kutoka mti mwingine, na usiwe karibu na ukuta, choo wala nyaya za umeme. Mtu anayepanda mche mahali panapoutosha mche, amekwisha kumwachia mwanawe kazi ya kuukata.

Uchunguze udongo. Ule wa kichanga tunaouita luseni hupitisha maji upesi, hivyo unataka samadi nyingi zaidi. Ule mweusi wa mbuga hushika maji wakati wa mvua hadi mizizi ikakosa hewa, na kiangazi hupasuka nyufa; hapo inua tuta, upande juu yake.

Chimba mashimo mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua: futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi na huwaita mchwa. Jaza shimo, uliache lisubiri. Mvua zikinyesha na udongo ukalowa kwenda chini zaidi ya urefu wa kiganja, mwishoni mwa Novemba au katika Desemba, hapo panda. Kwa miaka mingi siku ya kitaifa ya kupanda miti ilikuwa tarehe 1 Aprili. Kwa watu wa pwani ni sawa, masika ndiyo kwanza yanashika. Kwetu Shinyanga mvua huwa zimebakiza wiki chache tu, na mche uliopandwa siku hiyo utakutana na kiangazi ukiwa bado haujajua kunywa.

Mwagilia mche kabla ya kuutoa kwenye kiriba. Kata kiriba chote ukiondoe. Nimeona miche iliyokufa ikiwa ndani ya nailoni kwa sababu mtu alikuwa na haraka. Kama mizizi imezunguka chini kama kata ya kichwani, ikate ile iliyojikunja. Panda kwa kina kile kile ulichokuwa nacho mche kitaluni, usiuzike shingo. Kama ni mwembe wa kubebeshwa, kovu la kubebeshea libaki juu ya udongo, na machipukizi yatakayotoka chini ya kovu uyaondoe. Shindilia kwa mikono, si kwa kisigino. Fanya kisahani cha udongo kuzunguka mche ili maji yasikimbie. Tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina, maana mchwa hupanda kwa ngazi hiyo.

Zungushia uzio wa miiba siku hiyo hiyo, usiseme kesho. Mbuzi hufika leo.

Baada ya hapo ndipo kupanda kunapoanza. Januari na Februari mvua zetu hupumzika, na wengi hudhani mche una maji kwa kuwa ni msimu wa mvua. Upe maji. Kuanzia Juni, debe moja kwa wiki lililomwagwa polepole ni bora kuliko kikombe kila siku, kwa sababu maji machache hulowesha juu tu na mizizi hukaa juu kuyasubiri. Maji mengi huishawishi ishuke. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa, mijohoro yangu saba ni ushahidi. Mwembe wa kubebeshwa huweza kutoa maua mapema. Miaka miwili ya kwanza yaondoe, ingawa mkono utasita, ili mti ujenge mwili kwanza. Fanya hivyo kwa viangazi vitatu. Mti ukipita kiangazi cha tatu, unaweza kuishi bila wewe, nayo ndiyo shabaha ya kazi yote.

Utaona, ndugu msomaji, kwamba mtu hawezi kufanya haya kwa miche mia tatu katika robo eka. Anaweza kuyafanya kwa mti mmoja, au miwili, au minne. Hesabu ya miti ya kweli hupangwa na idadi ya ndoo ambazo mkono wako unaweza kubeba mwezi wa Septemba.

Yule bwana aliipanda miche yake mia tatu. Sikuweza kumzuia. Mpaka ninapoandika hakuna mthamini aliyefika, na mingi imekwisha kukauka. Kiangazi kilichopita alinipigia simu, hakunisalimia kwa urefu kama kawaida yake, akauliza mchwa wanazuiwaje. Nikamwambia asafishe majani kwenye shina, amwage majivu kuzunguka, achunguze kila asubuhi. Nikamuuliza, "Ni mingi?" Akasema, "Ni mmoja, Mwalimu. Uko karibu na jiko. Mke wangu aliuzoea." Sikumhubiria. Nilimwambia awe anaupa debe moja kwa wiki.

Mimi nami nilikuwa na deni langu. Nilisafiri hadi shule ile ya zamani, nikamwona mwalimu mkuu wa sasa, kijana ambaye hakuwa amezaliwa nilipokuwa nikijaza fomu zangu. Nilimweleza kila kitu. Nilidhani atacheka, lakini aliniuliza tu nataka mashimo mangapi. Tulichimba manne, mahali papya. Watoto wanne wa darasa la nne walipewa mti mmoja mmoja, na familia moja inayoishi jirani na shule ilikubali kuwasaidia maji wakati wa likizo. Dumu za kubebea nilinunua mimi. Kila baada ya miezi mitatu napanda basi kwenda kutazama.

Nina daftari dogo. Nililichora kwa rula, kama nilivyofundishwa chuoni, na nililipa safu moja tu, ile ambayo fomu zangu hazikuwa nayo. Safari ya mwisho, mwezi wa Septemba, mmoja tuliukuta umeliwa na mbuzi. Mtoto aliyekuwa nao alilia, akaniomba niandike kwamba bado upo, kwa sababu labda utachipua. Nilikaa naye chini tukalitazama shina. Kisha nikaandika tulichokiona: "Iliyo hai: mitatu." Nikamwambia kwamba kikitokea chipukizi, nitakaporudi Desemba, yeye ndiye atakayesahihisha.